Ndafu Alivyonitangulia kwa Mzee

Sipendi kuisimulia habari hii, nawaambia kabisa, na kama isingekuwa ule mkanda wa video ambao ulishazunguka Laurel nzima huku Marekani ukavuka mto ukaenda Alexandria, na inasemekana nakala moja iko Machame kwa shangazi ya bibi harusi ambaye anawawekea wageni kabla hata ya chai, ningeshikilia mpaka kesho kwamba yule mwanaume mwenye suti ya rangi ya maziwa anayekatiza ukumbi kwa makalio, mikono juu, si mimi. Lakini ni mimi. Na kinachoniuma kuliko yote si suti, suti ilikuwa ya kukodi, kinachoniuma ni kwamba mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia.

Nyumbani nilifundisha kidato cha pili, nguvu na mwendo, na nilikuwa mkali kweli kweli, mtoto akichanganya uzito na msuguano namsimamisha mbele ya wenzake. Huku Marekani, miaka ile ya tisini mwishoni, nilikuwa nasukuma mizigo ya wageni kwenye hoteli moja ya Alexandria, kazi ambayo ukiitazama kwa jicho la kitaaluma (na mimi niliitazama hivyo kila siku ili nisilie) ni nguvu na mwendo ule ule, isipokuwa hakuna chaki. Watu wote wa nyumbani waliniita Mwalimu, na mimi niliitika kwa raha zangu zote.

Sasa, kulikuwa na Ndeshi. Ndeshi alikuwa anasoma uuguzi na anakaa Gaithersburg kwa dada yake Aikande, na mimi na yeye tulikuwa tumeshakubaliana mambo yote ambayo watu wawili wanaweza kukubaliana kwenye simu ya usiku, ila hakuna aliyejua, si dada, si mchungaji, na zaidi ya wote si baba yao, kwa sababu Ndeshi alisema bila baraka ya baba yake hakuna ndoa, akasema na kunyamaza, na Ndeshi akisema akanyamaza maana yake amefunga mlango. Bahati ikaja, au nilidhani ni bahati: Aikande akapata mchumba, harusi ikapangwa, na mzee akakubali kupanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake aje amtoe binti yake.

Mpango wetu ulikuwa safi. Harusi ni Jumamosi, na Jumapili mimi nakwenda Gaithersburg na mshenga wangu, mtu mzima wa usharika wetu mwenye sauti nzuri ya kuombea, nakaa kimya kwenye kochi, mshenga anasema ya kusema, na mzee anaondoka wiki hiyo hiyo ameshatupa baraka. Kazi yangu Jumamosi ilikuwa moja tu, mzee anione na aseme huyu kijana ametulia. Ndeshi alinionya kwamba baba yake hasikilizi mtu anasema nini, anaangalia anafanya nini. Kwa hiyo nikaenda mwenyewe kwenye kamati ya harusi nikaomba kazi ya kuonekana, na kamati (Mungu awasamehe) ikanipa ndafu.

Kwa asiyemjua, ndafu ni mbuzi mzima aliyebanikwa akiwa amesimama kwa miguu yake minne, kichwa juu, jani bichi mdomoni, na kwetu Wachaga harusi isiyo na ndafu ni mkutano tu. Anaingizwa ukumbini kwa ngoma na vigelegele, amebebwa juu ya ubao mabegani mwa wanaume wanne, anapelekwa mbele ya wakwe, anakatwa kwa heshima. Wa kwetu tulimbanika siku mbili, nyuma ya nyumba ya mwanakamati mmoja aliyekuwa na uwanja mkubwa, na jirani Mmarekani alikuja mbio na mpira wa maji akidhani nyumba inaungua, akaondoka na sahani ya maini akiuliza harusi nyingine ni lini.

Tulipofanya mazoezi ya kubeba ndipo shida ilipoanza. Wabebaji wanne tulikuwa na urefu wa aina nne. Mbele kulia alikuwepo Mnyakyusa mmoja mrefu kama nguzo ya simu, nyuma kushoto alikuwepo Kamau, Mkenya, mwenzangu wa pale hotelini, ambaye ni mtu mwema sana lakini kwa urefu Mungu alimpunja, na ubao ukilala hivyo mbuzi anaegemea upande mmoja kama mlevi anayeaga. Mtu mwenye busara angembadilisha mbebaji. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikaamua kuleta magurudumu.

Mmeviona vile vigari vya mizigo vya hotelini, vya shaba inayong'aa, vina zulia jekundu chini na upinde mkubwa juu wa kuning'inizia makoti? Nikamfikiria ndafu wetu akiingia ukumbini chini ya upinde wa shaba, tumeuzungushia maua, anateleza mbele polepole bila mtu kutoa jasho, na mzee anamnong'oneza jirani yake amuulize kijana huyu ni nani. Kamau ndiye aliyekuwa na zamu ya kuvitunza, na hakupenda hata kidogo.

"Mwalimu, hiyo gari ni ya suitcase, si ya mbuzi," aliniambia. "Supervisor akijua, mimi na wewe tumeenda home."

Nikamwambia kitarudi kabla ya zamu ya Jumapili na hakuna atakayejua. Nikamweleza pia, bila kuulizwa, jinsi gurudumu linavyopunguza msuguano, na kwamba babu zetu kama wangekuwa na magurudumu hakuna mtu angevunjika bega kwa ajili ya mbuzi. Akanipa kigari.

Na nilifanya jaribio, msiniseme. Kwenye maegesho ya magari pale kwenye nyumba yetu ya kupanga nilipandisha gunia la mchele juu ya kigari, nikasukuma, nikakata kona, nikasimama ghafla, nikashuka nalo kwenye kijiteremko cha pale karibu na mapipa ya taka, na gunia halikutikisika. Nikarudi ndani nikijisikia kama niliyegundua kitu. Lakini asubuhi ya harusi nikakumbuka zulia. Mafuta ya mbuzi yakidondokea lile zulia jekundu, Kamau hana kazi. Kwa hiyo nikatandika juu yake plastiki nene, ile ngumu inayong'aa wanayofunikia sofa, nikaivuta ikakaa vizuri bila kikunjo, halafu juu yake nikaweka ubao, na juu ya ubao ndafu. (Kubadilisha kitu baada ya jaribio na usijaribu tena, hilo kosa wanafunzi wangu niliwanyima alama kwa ajili yake, sina la kujitetea.)

Tulikuwa kwenye ujia kati ya jiko na ukumbi, ndafu ameshapambwa, mafuta yanamchuruzika kwenye mbavu vizuri tu na kupenya pembeni mwa ubao kwenda chini, na mimi nayaona na kuyafurahia kwamba mbuzi ameiva. Mdomoni tulimwekea seleri, yale mabua ya kijani yenye maji mengi ambayo Wamarekani wanayatafuna wakitaka kukonda, kwa sababu majani ya kwetu tungeyapata wapi Laurel. Ndeshi akapita na sinia la sambusa, amevaa sare ya kina dada, amependeza mpaka nikasahau kushika mpini. Akamtazama ndafu, akatazama plastiki, akaniambia nimfunge kamba. Nikamjibu kamba itaonekana kwenye video. Akauliza sasa nini kitamshika. Hapo, jamani, mbele ya msichana ninayetaka kumuoa, mimi mwenye cheti cha ualimu, nikasema kwa sauti ya darasani kabisa kwamba uzito wake ndio utamshika, kitu kizito hakiendi ovyo.

Ndeshi alisoma sayansi mpaka kidato cha sita. Alichukua sambusa moja, akanitia mdomoni, akaenda zake.

Ukumbi wenyewe, kwa wale ambao hamkuwepo, ulikuwa wa kanisa moja, sakafu yake iko chini kuliko ujia wa jikoni, na badala ya ngazi kuna mteremko waliojenga kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu. Chini ya mteremko inaanza sakafu ya kuchezea, ya mbao, iliyopigwa nta mpaka unaona taa ndani yake, na ng'ambo ya sakafu, moja kwa moja, kama mtu aliyepima kwa kamba, iko meza kuu. Katikati ya meza kuu, pembeni ya maharusi, alikaa mzee. Suti ya kijivu, fimbo katikati ya magoti, mikono miwili juu ya fimbo. Nilimwona kwa mbali nikanyoosha mgongo.

Muziki ukaanza. Mpiga muziki alikuwa Papa Fiston, Mkongomani wa Alexandria, akaweka kitu cha kwetu chenye ngoma, kina mama wakatangulia wakicheza, mimi nikaanza kusukuma, Kamau na wale wengine wawili wakatembea pembeni kama walinzi wa rais. Tukaingia mlangoni. Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele, kamera zinawaka, na upinde wa shaba unameremeta kuliko nilivyoota. Tukaanza kushuka mteremko, na kigari kikaanza kuongeza mwendo chenyewe kidogo, kama ilivyo ada ya kitu kinachoshuka, nikawa sasa sisukumi, nazuia, lakini bado natabasamu.

Ndipo mshereheshaji, ambaye sitamtaja maana bado tunasalimiana, akashika kipaza sauti akasema, "Ndafu asimame hapo hapo, wakwe wamwone."

Na mimi nikatii. Mtu aliyetulia anatii. Nilikaza mikono yote miwili, nikatanguliza mguu kwenye gurudumu la nyuma, nikakisimamisha kigari katikati ya mteremko, pale pale, wima.

Kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Nimeiandika sentensi hiyo ubaoni miaka na miaka. Nimewaimbisha watoto. Kigari nguvu yangu ilikizuia. Ndafu hakuna aliyemzuia, chini yake kulikuwa na plastiki iliyojaa mafuta, na ule uzito niliousifia ndio ulioendelea na safari.

Alitoka chini ya upinde kwa heshima zote. Hakuanguka, hakuyumba, alishuka na ubao wake sehemu ya mteremko iliyobaki kama mtu anayeshuka ngazi za hoteli, kina mama wakagawanyika kushoto na kulia bila kuacha kucheza, akaingia kwenye ile sakafu ya nta, na akaanza kuuvuka ukumbi peke yake, kichwa juu, seleri mdomoni, akielekea meza kuu. Watu wakapiga makofi. Nawaapia, walidhani ni programu. Papa Fiston naye, baadaye nilipomuuliza kwa nini hakuzima muziki, alinijibu, "Mimi nilizani ni mambo yenu ya kabila, nikaongeza sauti, kwa ambiance."

Kama ningekaa pale pale nimeshika kigari changu kitupu nikitabasamu, ningeheshimiwa mpaka leo. Watu wangesema Mwalimu ni fundi. Lakini niliona ndafu anakwenda kwa mzee na fimbo ya mzee iko katikati ya magoti, nikafanya uamuzi wangu wa pili wa siku ile. Nikamkimbilia.

Ubao uliokuwa umelalia mafuta ulikuwa unaacha njia nyuma yake, mstari mpana unaong'aa, na mimi nilipita katikati ya mstari huo na viatu vipya vya soli ya ngozi. Hatua ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili sikuipata. Nikakaa chini kwa kishindo, na kwa kuwa nilikuwa nimekuja mbio, na kwa kuwa sheria haijali umesomea wapi, nikaendelea kwenda. Nilinyoosha mikono juu, sijui kwa nini, nadhani nilikuwa najisalimisha. Nikampita mshereheshaji. Nikaipita meza ya keki (asante Mungu). Nikasikia kutoka upande wa kina dada sauti ninayoijua kuliko yangu mwenyewe, imepanda juu ya ngoma na vigelegele vyote, ikipiga kelele:

"Mume wangu!"

Ndafu alifika kwanza. Ubao uligonga mguu wa meza kuu, taratibu, ukasimama, na mbuzi akatikisika mara moja akabaki amesimama vile vile. Mimi nikafika nyuma yake, nikamkumbatia miguu ya nyuma ili nisiingie chini ya meza, na nilipojaribu kuinuka viatu vikakataa, nikaishia magoti. Papa Fiston akazima muziki hapo. Bora asingeongeza wala kuzima, angeniacha hivyo hivyo.

Hebu jiwekeni mahali pa mzee. Umetoka Machame, hujawahi kuuona huu ukumbi wala watu hawa. Kijana usiyemjua amekuletea mbuzi mpaka miguuni, yuko magotini mbele yako, amechafuka mafuta kuanzia kiunoni, na binti yako mdogo amesimama katikati ya watu amejiziba mdomo kwa mikono miwili baada ya kumwita kijana huyo mume wake. Mtu wa kwetu ukimletea mbuzi ukapiga goti, hakuna haja ya kuuliza umefuata nini.

Mzee hakusogea hata kidogo. Aliniangalia, akamwangalia ndafu, akamwangalia Ndeshi, akarudi kwangu.

"Mbuzi wa harusi ya Aikande," akasema polepole, "ndiye unayemposea Ndeshi?"

Ukumbi ulicheka mpaka nikausikia kwenye magoti. Mimi sikucheka. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu niliona Jumapili yote inaondoka, kochi, mshenga, sauti nzuri na kila kitu, na niliona uso wa Ndeshi. Nikasema, "Hapana, mzee. Huyu ameteleza tu."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

"Na huyu anayekuita mume?"

Hilo halikuwa langu kulijibu. Ndeshi akaja. Alizunguka ule mstari wa mafuta (aliuona, mwenzangu, na akauzunguka), akasimama pembeni yangu na sare yake safi.

"Tulikuwa tunakuja kukwambia Jumapili, baba."

Hapo akili yangu ikafanya kitu chake cha pekee cha maana siku nzima. Kwetu kuna jani la sale, ukimkosea mtu ukampelekea sale, hata awe na hasira ya namna gani, hana budi kukusamehe. Sale sikuwa nalo. Nikanyoosha mkono nikachomoa lile bua mdomoni mwa ndafu, nikalipangusa kwenye bega la koti, sehemu pekee iliyobaki safi, nikampa mzee kwa mikono miwili, kichwa chini.

Akalipokea. Akaligeuza huku na huku, akalinusa.

"Hili si sale."

"Ni seleri, mzee. Huku sale halipatikani."

Mzee akaliangalia tena. Halafu akauma kipande, akatafuna kwa utulivu, ukumbi mzima unasikia linavyolia kati ya meno yake, akameza, akaweka kilichobaki kwenye mfuko wa juu wa koti lake pamoja na kitambaa.

"Jumapili njoo," akasema. "Kwa miguu yako."

Nilikwenda kwa miguu yangu, kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni, kwa hatua fupi fupi. Mshenga wangu alisema maneno yake mazuri na mzee akamsikiliza kwa adabu, lakini kila aliponitazama mabega yake yalikuwa yanatikisika. Baraka tulipata. Kigari Kamau alikiosha kwa sabuni ya limau, kikarudi hotelini kwa wakati na hakuna aliyejua, ingawa siku za joto wageni waliokuwa wakiweka mabegi yao pale walikuwa wakisema ghafla wanasikia njaa. Na yule mpiga video alinifuata jioni ile ile kuniomba nirudie, kwamba mwanzo hakuushika vizuri.

Tangu hapo kitu chochote chenye magurudumu nakiheshimu kama mkwe. Nikienda dukani na kile kikapu cha kusukuma, sisimami ghafla, napunguza kuanzia mbali, Ndeshi ananiacha nyuma anaona aibu. Na sitafundisha tena mtu yeyote kitu chochote nikiwa nimeshika mpini.

Harusi yetu ilifanyika mwaka uliofuata, ukumbi ule ule, maana ndio tulioumudu. Mzee alikuja tena. Mimi nilikuwa bwana harusi, ilinipasa kukaa meza kuu kama mtu wa maana, na wabebaji wanne wa urefu mmoja walikuwa wamemwinua ndafu mabegani tayari pale kwenye ujia, lakini mzee akanishika mkono akanitoa mezani, akanipeleka mpaka jikoni mbele ya watu wote. Akawaambia wale vijana wamshushe. Akaingiza mkono kwenye koti la kijivu akatoa kamba ya katani, mpya, aliyotoka nayo Machame, akamfunga ndafu kwenye ubao mwenyewe, akavuta fundo, akanipa na mimi nivute. Ilionekana kwenye video mwanzo hadi mwisho.

Vijana wakamwinua tena, halafu mzee akanipiga begani, tukaanza kushuka mteremko pamoja.

"Twende, mwanangu," akaniambia. "Na ukitaka kusimama, anza mapema."